Trekta Dogo la Kukatia Majani: Kwa Nini Ubovu Hurudi Baada ya Matengenezo

Miongoni mwa mitambo midogo inayotumiwa majumbani na kwenye viwanja, ni michache inayomchosha mwenyewe kama trekta dogo la kukatia majani lililokwisha kuzeeka. Injini huwaka, magurudumu huzunguka, wala hakuna dalili kwamba chombo kimefikia mwisho wa uhai wake. Hata hivyo kila msimu huvunjika kitu kilekile kilichotengenezwa msimu uliopita. Mkanda hukatika, mkanda mpya hufungwa, nao hukatika baada ya majuma machache. Betri hununuliwa, na siku ya tatu stata haizunguki. Kabureta husafishwa, na kabla ya mwezi kwisha injini inaanza tena kupanda na kushuka. Mwenye mashine hatimaye huamini kwamba vipuri vya siku hizi ni hafifu, au kwamba chombo chake kina kisirani.

Sayansi ya mambo ya kawaida, yaani msuguano, mtetemo, kutu na mkondo wa umeme, yaonyesha kwamba mara nyingi kipuri kilichovunjika kimeumizwa na kipuri kingine kilicho mbali nacho. Fundi anayebadilisha kilichovunjika bila ya kutafuta kilichokivunja atairudia kazi hiyo mpaka atakapochoka. Makala haya yanaeleza njia ambazo ubovu husafiri ndani ya mashine hii, na jinsi ya kuufuata hadi kwenye chanzo chake.

ASILI YA MASHINE

Mashine ya kwanza ya kukatia majani ilibuniwa na Edwin Budding wa Stroud, Uingereza, ambaye alipewa hati ya kulinda uvumbuzi wake mwaka 1830. Wazo lake alilipata kwenye mashine za viwanda vya nguo zilizokuwa zikipunguza manyoya juu ya kitambaa cha sufu. Visu vya mashine yake vilizunguka juu ya pipa la chuma na kupita karibu sana na kisu kingine kisichosogea, hivyo majani yalikatwa kama kwa mkasi.

Trekta dogo linaloendeshwa na mtu aliyeketi juu yake lilienea hasa nchini Marekani baada ya Vita Vikuu vya Pili, wakati familia nyingi zilipohamia pembezoni mwa miji katika nyumba zenye viwanja vipana vya majani. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 watengenezaji wakubwa wa mitambo ya kilimo waliingia katika biashara hiyo: International Harvester kwa matrekta yake ya Cub Cadet, na John Deere kwa trekta lake la 110 la mwaka 1963. Mengi ya matrekta ya wakati ule na ya miaka ishirini iliyofuata yangali yakifanya kazi hadi leo. Afrika Mashariki, ambako majani mengi bado hukatwa kwa fyekeo, mashine za jinsi hii huonekana zaidi kwenye viwanja vya gofu na bustani za hoteli.

JINSI INAVYOKATA

Chini ya tumbo la trekta huning'inia bamba pana la chuma lililokunjwa mfano wa sinia lililofudikizwa. Bamba hilo hapa litaitwa gamba la visu. Ndani yake mna visu viwili au vitatu, kila kimoja kimefungwa kwenye ncha ya chini ya mhimili wake. Mhimili huo hushikwa na beringi mbili, na juu yake, upande wa nje wa gamba, pana puli. Mkanda mmoja wa mpira hutoka kwenye puli ya injini, huzizunguka puli zote za visu, na hukazwa na puli nyingine ndogo inayovutwa na springi.

Tofauti na mashine ya Budding, kisu cha trekta hakina mwenzake wa kukutana naye. Hukata kama fyekeo likatavyo: kwa mwendo tu. Jani moja halina uzito wala mzizi wa kulizuia lisiiname; hukatika kwa sababu kisu hufika na kupita kabla halijapata nafasi ya kuinama. Kwa hiyo mwendo wa kisu ni mkubwa kuliko watu wengi wanavyodhani. Kisu chenye urefu wa sentimita 53, kikizunguka mara 3,300 kwa dakika, ncha yake huenda kwa mwendo wa meta 92 kwa nukta moja, ambao ni sawa na kilometa 330 hivi kwa saa. Kanuni za usalama za Marekani zimeweka kikomo cha futi 19,000 kwa dakika, yaani meta 96 na kitu kwa nukta.

Katika mwendo huo ndimo mlimo mzizi wa matatizo mengi ya mashine hii.

KISU KISICHOLINGANA UZITO

Kisu kinapogonga jiwe au kisiki, kipande kidogo humeguka kwenye ncha moja. Au fundi hukinoa kwa haraka, akaondoa chuma kingi upande mmoja kuliko wa pili. Tuseme tofauti ni gramu 20 tu, uzito ambao mkono hauwezi kuutambua, nao uko sentimita 25 kutoka katikati. Kisu kikizunguka mara 3,300 kwa dakika, gramu hizo 20 huuvuta mhimili kwa nguvu ya karibu nyutoni 600, ambayo ni sawa na uzito wa mtu wa kilo 60. Nguvu hiyo haitulii upande mmoja. Hugeuka pamoja na kisu, mara 55 katika kila nukta moja.

Beringi za mhimili hupokea mapigo hayo kwanza. Gololi zake hugonga njia yake mpaka ikapata vidonda vidogo, grisi huvuja, vumbi na maji hupata mlango wa kuingilia. Mhimili huanza kucheza, na puli iliyo juu yake huyumba. Mkanda unaopita juu ya puli inayoyumba husuguliwa ubavuni kila mzunguko, hupata joto, hukauka, hupasuka. Mwishowe hukatika, na mwenye mashine huenda dukani kununua mkanda.

Hivyo jiwe lililogongwa mwezi wa nne limekata mkanda mwezi wa saba, na mkanda mpya nao utakwenda njia ileile.

Kupima ulingano wa kisu hakuhitaji kifaa cha gharama. Msumari hupigiliwa ukutani, kisu huning'inizwa juu yake kwa tundu lake la katikati kikiwa kimelala sawa, kisha huachwa. Upande mzito utashuka. Chuma hupunguzwa kwa tupa katika upande huo mpaka kisu kitakapotulia bila ya kuegemea popote. Kazi hiyo ya dakika kumi huokoa beringi, na beringi huokoa mkanda.

MKANDA HULAUMIWA BURE

Mkanda wa trekta una umbo la kabari. Hushika puli kwa mbavu zake mbili, wala sehemu yake ya ndani haipaswi kugusa sakafu ya mfereji wa puli. Mbavu zikiliwa, mkanda huzama, hugusa sakafu, huanza kuteleza. Na mkanda unaoteleza hubadili nguvu ya injini kuwa joto. Mbavu zinazong'aa kama kioo ni ushahidi wa joto hilo.

Kabla ya kufunga mkanda mpya, fundi mwangalifu hufanya jambo moja ambalo wengi hulipuuza: huzungusha kila puli kwa mkono mkanda ukiwa umeondolewa. Puli njema huzunguka kimya na kwa ulaini. Inayokwaruza, inayokwama, au inayocheza huku na huku ndiyo iliyoula mkanda. Puli ndogo ya kukazia isisahaulike, kwa maana nayo ina beringi yake, na mara nyingi ndiyo huharibika kwanza. Aidha mifereji ya puli zote yapasa kuguswa kwa kidole. Mfereji wenye kutu ni kama tupa, na hakuna mkanda unaoweza kudumu juu ya tupa.

Kosa jingine ni kufunga mkanda wa motokaa kwa kuwa urefu wake ni uleule. Mkanda wa trekta hukazwa na kulegezwa kila visu vinapowashwa na kuzimwa, na katika matrekta mengi hupindwa pia kinyume juu ya puli ya kukazia. Kwa sababu hiyo mingi hutengenezwa kwa nyuzi zenye nguvu zaidi na kufunikwa kwa kitambaa. Mkanda wa motokaa haukukusudiwa kazi hiyo, nao hauchelewi kuonyesha hivyo.

Kwa upande wa beringi, mwenye mashine anayo faraja. Beringi hutengenezwa kwa vipimo vilivyokubaliwa duniani kote, na namba yake huchapwa ubavuni. Beringi ya namba 6203, kwa mfano, ambayo hupatikana katika mihimili mingi ya visu, ina tundu la milimita 17, upana wa nje wa milimita 40 na unene wa milimita 12, iwe imetoka Ulaya, Amerika au Asia. Hutumika pia katika mota nyingi za umeme. Anayesoma namba hiyo anaweza kuinunua katika duka lolote la beringi, hata kama mtengenezaji wa trekta alikwisha acha kuuza vipuri miaka mingi iliyopita.

KUTU CHINI YA GAMBA

Majani mabichi yana maji mengi, aghalabu zaidi ya robo tatu ya uzito wake. Yakirushwa na kisu hunata chini ya gamba, na kazi ikiisha hubaki pale kama kitambaa kilicholoweshwa kilichofungwa juu ya chuma. Kutu huhitaji vitu viwili tu zaidi ya chuma chenyewe, navyo ni maji na oksijeni, na tabaka hilo la majani huvileta vyote viwili kwa siku nyingi mfululizo. Kama uwanja umetiwa mbolea ya chumvichumvi, maji hayo hupitisha umeme kwa wepesi zaidi, na kutu huenda mbio zaidi.

Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa. Ikianza chini ya rangi hufura na kuinua rangi iliyo jirani, na maji hupata njia mpya. Gamba la bati nene la milimita mbili au tatu huliwa hivyo kutoka ndani, huku juu rangi ingali inapendeza. Mahali pabaya kuliko pote ni pale mihimili ilipofungwa, kwa sababu ndipo mtetemo wa visu unapopokelewa. Chuma kilichopunguzwa unene na kutu, kikitikiswa mara 55 kwa nukta, hupata nyufa.

Wengi huwaza kuondoa majani kwa kuyapiga maji ya mpira. Maji hayo husafisha, lakini pia huweza kuingia katika beringi, na mashine ikiwekwa banda la giza kabla ya kukauka, ubaya huzidi wema. Njia ya usalama zaidi ni kukwangua kwa kipande cha ubao baada ya kazi, yakiwa majani bado ni laini, kisha kuiacha mashine ikauke mahali penye hewa.

Gamba lililotoboka huweza kutiwa kiraka, ila mchomeleaji aelewe kwamba chuma kilichobakia kando ya tundu ni chembamba kuliko kinavyoonekana. Akichomelea ukingoni, moto utatoboa tundu kubwa kuliko la kwanza. Budi akate mpaka afikie chuma kizima.

BETRI NA KABURETA: KISA KILEKILE

Mwenendo huohuo wa ubovu huonekana katika umeme. Stata ikigoma na kutoa mlio mmoja tu, betri ndiyo hushutumiwa. Lakini mkondo unaokwenda kwenye stata ni mkubwa. Tuseme ni ampea 80. Kama kwenye kiungo cha waya na bodi pana kutu yenye ukinzani mdogo wa omu 0.05 tu, kiungo hicho hupoteza volti 4. Betri ya volti 12, hata ikiwa mpya kabisa, huipelekea stata volti 8, nazo hazitoshi. Bolti moja iliyokwanguliwa kwa msasa ingemaliza shauri.

Vivyo hivyo katika petroli. Tundu la kabureta linalopima mafuta ni jembamba kuliko milimita moja, na petroli iliyolala miezi mingi huacha ulimbo unaoliziba. Fundi huisafisha kabureta na injini hupona. Lakini kama mpira wa mafuta umezeeka na kumomonyoka ndani, au tangi lina kutu, uchafu mpya utafika baada ya siku chache. Nchini Marekani, ambako petroli nyingi huchanganywa na alkoholi kwa kiasi cha asilimia 10, mipira ya matrekta ya zamani huathirika zaidi, na alkoholi hiyo huvuta unyevu wa hewani. Tangi na mipira hukaguliwa kwanza, kabureta baadaye. Na injini inayozimika kila baada ya nusu saa na kuwaka tena baadaye huenda haina ugonjwa wowote. Tundu dogo la kupumulia kwenye kifuniko cha tangi limeziba, na petroli haiwezi kushuka.

Hata uwanja uliokatwa kwa ngazi, upande mmoja juu na wa pili chini, mara nyingi hauna uhusiano na visu. Gurudumu moja likiwa na upepo pungufu, trekta zima huinama pamoja na gamba lake. Pampu ya upepo itangulie spana.

TAABU YA SPANA

Mashine za Marekani za miaka ile zilifungwa kwa nati za vipimo vya inchi. Fundi aliyezoea spana za milimita hukutana na nati ya inchi 9/16, ambayo ni milimita 14.3: spana ya 14 haiingii, na ya 15 huingia ikicheza, ikala pembe za nati mpaka ikawa duara. Nati iliyokwisha kulewa kutu ikipoteza pembe zake, kazi ya robo saa huwa kazi ya siku nzima. Ni heri kupata spana chache za inchi kuliko kuharibu nati nyingi. Nati iliyokwama hutiwa mafuta mepesi ya kupenya usiku mzima, hugongwa kidogo kidogo, na kukazwa nukta moja kabla ya kulegezwa, ili kutu ipasuke.

USALAMA NA UAMUZI

Matrekta mengi yana swichi za usalama: moja chini ya kiti, nyingine kwenye pedali, nyingine kwenye kitasa cha visu. Zimeungwa hivi kwamba moja ikifa, injini haiwaki. Zinapozeeka huleta usumbufu, na wengi huunganisha waya moja kwa moja ili kuziruka. Trekta huwaka, lakini visu huendelea kuzunguka hata dereva akianguka kutoka kitini. Swichi mbovu ina badala yake; mguu hauna.

Anayetaka kushika chini ya gamba ni sharti azime injini, angoje visu vitulie, aondoe waya wa plagi, na aegemeze trekta juu ya vitegemeo imara, asiiamini jeki peke yake. Kisu kinachozungushwa kwa mkono huweza kuuzungusha mkanda na injini, na injini yenye petroli ndani huweza kuwaka kwa mzunguko mmoja.

Limebaki swali ambalo kila mwenye mashine kuukuu hulifikia: atengeneze au aache? Injini na gia za matrekta ya zamani, hasa yale yenye silinda za chuma cha kalibu, huweza kudumu miongo mingi zikipata oili safi. Mikanda, beringi, swichi na mipira hubadilishwa kwa gharama ndogo. Kipimo cha kweli ni gamba. Likiwa na matundu kandokando, kiraka chatosha. Likiwa limepasuka au kuliwa pale mihimili ilipofungwa, wala hakuna jingine la kuliweka badala yake, haifai kukata nalo tena, kwa kuwa gamba ndilo ukuta pekee uliopo kati ya watu na jiwe linalorushwa na kisu chenye mwendo wa meta 90 kwa nukta. Trekta la namna hiyo laweza kuendelea kuvuta mkokoteni, visu vikiwa vimeondolewa.

Kwa lile linalofaa kutengenezwa, utaratibu ni mmoja. Kitu kikivunjika, kiulizwe kilichokuwa kikigusana nacho. Na hicho nacho kiulizwe vivyo hivyo, mpaka ipatikane sehemu isiyoumizwa na nyingine yoyote. Kutoka mkanda mtu atafika kwenye puli, kutoka puli kwenye beringi, kutoka beringi kwenye kisu, na kutoka kisu kwenye jiwe lililoko uwanjani. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika mashine hii ufa aghalabu uko hatua nne kutoka pale ukuta ulipoanguka, na kuokota mawe uwanjani kabla ya kuwasha injini ni sehemu ya matengenezo sawasawa na kutia grisi.